Pilipili Kumi na Mbili za Mama Khampan

Vita kati ya Mama Khampan na Noh Sanguk vilianza kwa kibakuli cha machipukizi ya maharage, na inafaa tuvieleze kwa utulivu, bila kupendelea upande wowote, ingawa upande mmoja ulikuwa na macho mazuri sana.

Sanguk alikuwa Mkorea wa miaka thelathini na moja, mwenye mkahawa wa vyakula vya kwao katika uchochoro mmoja wa Lat Phrao, jijini Bangkok. Mama Khampan alikuwa mjane kutoka mkoa wa Khon Kaen, mwenye mkahawa wa saladi ya papai bichi na kuku wa kuchoma, ng'ambo ya uchochoro huohuo, hatua ishirini na mbili ukipima kwa miguu ya mtu mwenye hasira. Katikati ya hatua hizo ishirini na mbili alikuwepo Wanida, binti wa Mama Khampan, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akivuka kwenda kuazima ndimu. Hakuna mkahawa duniani uliowahi kuishiwa ndimu mara nyingi namna ile. Mama alipokuja kukumbuka kwamba mapishi ya Kikorea hayatumii ndimu, mambo yalikuwa yameshaiva.

Ndipo Sanguk akaona afanye jambo la heshima. Akamwalika mama mtu chakula cha Jumapili.

Alimpangia mezani vibakuli tisa vya vitoweo vidogo vidogo na chungu cha mchuzi mwekundu uliokuwa bado unatokota. Mama Khampan amezaliwa kwenye nchi ambayo mvua huja ikijisikia. Amefundishwa tangu mdogo kwamba ukibakiza chakula, Mama wa Mpunga, roho inayolinda nafaka, analia. Basi akala machipukizi ya maharage yakaisha. Sanguk naye amelelewa na bibi yake kule Daegu, aliyemfundisha kwamba kibakuli kitupu mbele ya mgeni ni aibu ya mwenye nyumba. Basi akakijaza. Mama akamaliza. Sanguk akajaza. Wanida akampiga teke chini ya meza ili aache, naye Sanguk akadhani ni mapenzi, akajaza tena kwa tabasamu. Mara sita.

Mama Khampan alirudi kwake ameshikwa mkono, akalala mchana kutwa na kichupa chake cha kafuri puani. Alipopata nguvu ya kusema, alisema hivi:

"Yule kijana anataka kuniua arithi papai zangu."

Wanida alicheka, na hilo lilikuwa kosa. Mama alikaa kitandani na kusema mengine, ya kweli sasa. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Waruni, aliolewa na mgeni aliyeapa kwamba anapenda joto la Bangkok na hatahama kamwe; huu ulikuwa mwaka wa nane Waruni yuko Norway, na kila akipiga simu anaonekana amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba. Binti wa pili haendi kokote. Daktari Witun wa meno, mwenye kliniki pale mwanzo wa uchochoro, ameshauliza habari zake mara tatu, na Daktari Witun hajawahi kufika hata Laos.

Walibishana siku mbili. Hatimaye Wanida akaomba kitu kimoja: mama amlishe Sanguk mara moja, kwenye meza yake mwenyewe, kabla ya kumhukumu. Mama alikubali upesi mno.

"Nikishamlisha, nikisema hapana, unamwacha," alisema. "Hakuna ndimu tena."

"Ndiyo, mama."

"Sema yote, nisikie."

"Ukishamlisha ukasema hapana, nitamwacha."

Aliyasema akiwa ameshika mchi wa kinu, na vidole vyake vilikuwa vyeupe.

Jumatatu mkahawa wa Mama Khampan haufunguliwi. Saa sita kamili mchana Sanguk alivuka uchochoro katika shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, amebeba mtungi wa kimchi, kabichi ya kuvundika yenye pilipili, aliyoitia chumvi kwa mikono yake. Aliutoa kwa mikono miwili, ameinama. Mama Khampan aliupokea kwa mkono mmoja, akaunusa kwa mbali kama mkuu wa bweni anayenusa soksi za Ijumaa, akauweka chini karibu na mlango, pale anapolala paka. Paka akahama.

Wanida alikuwa nyuma ya jiko la mkaa akigeuza kuku. Macho yao yalikutana juu ya moshi. Sanguk alimtazama kama mtu anayesoma barua ambayo huenda ni ya mwisho, taratibu, akirudia mistari. Yalikutana kwa muda ambao kuku mmoja anaweza kuungua, na kwa masikitiko tunaripoti kwamba mmoja aliungua.

Daktari Witun alikuwa ameshakaa. Alikuwa amealikwa kama shahidi, na akachukua kiti kinachoelekea feni. Alikuwa mtu safi, mpole, mwenye mikono laini na desturi ya kutazama meno ya mtu kabla ya macho. Juu yake ukutani kulikuwa na picha ya marehemu baba yake Wanida, imevishwa taji la maua, akicheka kwa meno yaliyopishana kama watu kwenye foleni. Daktari alikuwa amekaa makusudi asiione.

Sasa, katika mkahawa ule kuna swali moja tu, na kila anayekaa hulijibu kabla kinu hakijasogezwa: pilipili ngapi? Watu wa kawaida husema tatu. Wenye majivuno husema tano. Madereva wa teksi wa kutoka Khon Kaen husema nane, wakifika nyumbani hawasemi kitu.

"Daktari?" mama aliuliza.

"Moja, mama. Itolewe mbegu."

"Watu wa meno lazima watunze midomo," mama alisema kwa upole ambao mteja mwingine yeyote hajawahi kuonjeshwa. Kisha akageuka. "Na wewe?"

Kwa siku tatu Wanida alikuwa amemfundisha jibu. Sema mbili. Alimfundisha kwa maandishi, kwa simu, na hata kwa kunyoosha vidole kutoka ng'ambo ya uchochoro. Sanguk alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Lakini sasa alikuwa amekaa mbele ya mama wa mwanamke anayempenda, na yote aliyolelewa nayo yakampanda kifuani. Kwa bibi yake, kijana hachagui mezani pa mkubwa. Kijana anakula anachokula mkubwa, na anashukuru.

"Kama anavyokula mama," alisema, akainamisha kichwa.

Wanida alifumba macho.

Mama Khampan alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mimi hula kumi na mbili," alisema.

Alizihesabu kwa sauti, moja moja, ndani ya kinu, kama mwalimu wa zamu anayeita majina. Zilikuwa pilipili kichaa, zile ndogo nyekundu zisizo na mzaha. Alipofika ya sita alisimama, akamtazama. "Hizi sita ni za vile vibakuli vyako," alisema. "Zinazobaki ni zangu." Akaendelea mpaka kumi na mbili, akatia samaki wa kuvunda, akaanza kutwanga, na kila pigo la mchi glasi za mezani zilitetemeka.

Wakorea wanajua pilipili. Tuliseme hilo kwa haki. Sanguk alikuwa akila kimchi kabla hajaota meno. Lakini pilipili ya kwao huja kama mgeni mwenye adabu, hupiga hodi, huvua viatu, hukaa. Pilipili ya Mama Khampan huingia dirishani na panga mkononi. Tonge la kwanza lilimpita salama na akamshukuru mama kwa sauti yake ya kawaida. Tonge la pili masikio yake yalibadilika rangi. Kufikia la nne shati lile lenye makali lilikuwa limelala mgongoni kama ngozi ya pili, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyapa ruhusa.

Hakusimama. Alikula kama anayeandika adhabu yake ya mistari mia.

Jagi la maji lilikuwa karibu na daktari. Wanida alinyoosha mkono kulichukua.

"Mgeni hajaomba maji," mama alisema.

Na mgeni hakuweza kuomba, kwa kuwa mkubwa wa meza alikuwa bado hajanywa. Wanida alirudisha mkono. Badala yake alimega wali wa kunata kutoka kwenye kikapu cha mianzi, akaufinyanga tonge dogo, akampa. Vidole vyao vilikutana kwenye tonge lile. Sanguk hakuuachia mkono wa Wanida mara moja, na Wanida hakuuvuta, na kwa muda huo mfupi pilipili zote kumi na mbili zilikaa pembeni.

"Wali unaliwa," mama alisema. "Haushikwi."

Wakaachiana.

Ndipo mahojiano yakaanza. Mama aliuliza nani atabaki na mkahawa siku atakayorudi kwao. Sanguk, kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu, alijibu kwamba harudi.

"Yule wa Waruni naye alikuwa harudi," mama alisema. "Alikaa kwenye kiti hichohicho, akala kuku huyuhuyu. Alisema baridi ya kwao inamuumiza magoti. Sasa magoti yake yamepona na mwanangu anavaa soksi mbili mbili."

"Mimi si yule, mama."

"Nyote ni yule mpaka anapokufa mama mtu wa kule na kuacha nyumba. Una mama?"

"Alishafariki. Bibi pia."

Jibu lile Mama Khampan hakulitarajia, na daktari akaitumia nafasi kusema kwamba kitaalamu vyakula vya Kikorea vina chumvi nyingi inayochosha fizi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sanguk alimwambia, kwa heshima zote, kwamba bibi yake alizikwa akiwa na meno yake yote na mawili zaidi. Wanida alikohoa ndani ya kiganja.

"Umechangamka," mama alisema. "Basi niambie. Kwa nini ulinijazia vile vibakuli? Mara sita. Ulikuwa unanionyesha nini, kwamba sisi wa Khon Kaen tuna njaa?"

Sanguk alimtazama kwa macho mekundu, na mara ya kwanza siku ile alisahau kuinamisha kichwa.

"Mama alikuwa anamaliza," alisema. "Kwetu sahani ikiwa tupu, mwenye nyumba anaona aibu. Nilidhani mama anayapenda machipukizi. Mara ya tano yalikuwa yameisha jikoni. Nilikimbia sokoni kwa mlango wa nyuma."

"Nilikuwa namaliza kwa sababu kubakiza ni dhambi."

"Sikujua."

"Tumbo langu lilijua."

Hata mama mwenyewe ilimbidi aume mdomo. Wanida aliona, na tumaini dogo likaingia rohoni mwake na kukaa kwenye ncha ya kiti. Lingekaa vizuri zaidi kama si paja la kuku.

Sahani ya kuku ilikuwa katikati ya meza, na ilikuwa imebaki na kipande kimoja, paja nono lililoiva vizuri. Hakuna aliyeligusa. Kipande cha mwisho kina sheria yake, na pale nyumbani mhubiri wa sheria hiyo alikuwa Mama Khampan mwenyewe: anayekula kipande cha mwisho hupata mpenzi mzuri wa sura. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka marehemu, alisimulia vilevile. Sikukuu ya hekalu, wasichana saba, paja moja limebaki, wote wanaona haya. Yeye akalichukua akalila, akainua macho, na mbele yake amesimama mpiga filimbi ya mianzi mwenye meno yaliyopishana. Wanida aliijua hadithi hiyo kuliko jina lake la shuleni.

Daktari Witun alilitazama paja. Akamtazama Wanida. Akakohoa, akagusa kijiko chake, akakiacha.

Sanguk hakujua lolote la haya. Kwa machozi yake aliona kitu kimoja tu: mkubwa wa meza ametwanga, amehoji, amepigana, na hajala vizuri. Akalichukua lile paja kwa uma na kijiko, akauegemeza mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama inavyopasa mbele ya mkubwa, akaliweka taratibu kwenye sahani ya Mama Khampan.

Feni ikasikika.

"Unanitafutia mume?" mama aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ndogo, na ndiyo iliyokuwa mbaya. Akanyoosha kidole juu, kwenye picha. "Mbele yake?"

Sanguk alimgeukia Wanida, na Wanida akamweleza maana yake kwa kunong'ona. Rangi yote ambayo pilipili ilikuwa imempa ilimtoka. Alitoka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni na kusema kwamba kwao kipande kizuri ni cha mkubwa, kwamba hakukusudia, kwamba anaomba radhi kwa mama na kwa baba pale ukutani.

"Hapa si kwenu," Mama Khampan alisema. "Na shida yangu ni hiyo. Si kwamba wewe ni mbaya. Hujui. Utakosea leo, utakosea kesho, na binti yangu atamaliza maisha yake akikutafsiria na kuniomba mimi msamaha. Waruni alianza hivyohivyo." Akasukuma sahani. "Nimemlisha. Nimemwona. Jibu ni hapana."

Wanida alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alikuwa ameahidi kwa mdomo wake, na mdomo wake haukuwa na neno jingine.

Sanguk alisimama. Aliinama mbele ya picha, akainama mbele ya mama. Hakumtazama Wanida, kwa sababu alijua akimtazama hatafika mlangoni. Sahani yake ilikuwa safi. Hakuwa amebakiza hata uzi wa papai. Alianza kuondoka, na hatua zake hazikuwa za mtu anayekwenda ng'ambo ya uchochoro, zilikuwa za mtu anayekwenda mbali.

Wanida akachukua lile paja kutoka sahani ya mama yake akalitia kinywani.

"Weka chini," mama alisema.

Wanida alitafuna.

"Wanida."

Alilila bila haraka, akalimaliza mpaka kwenye mfupa, na mfupa akauweka mezani mbele ya mama yake kwa adabu, kwa mikono miwili, kama alivyomwona Sanguk akifanya. Sanguk alikuwa amesimama mlangoni karibu na mtungi wa kimchi.

"Niliahidi kumwacha ukisema hapana, na umesema," Wanida alisema. Sauti ilikuwa inamkatika. "Ahadi ni ahadi. Lakini sikuahidi kwamba sitakula. Na mtu akila kipande cha mwisho, mama, wewe ndiye unajua kinachofuata. Nimekila, nimeinua macho, na aliyesimama mbele yangu ni huyu. Kama sheria hiyo ni uongo niambie leo. Mwambie na baba."

Daktari Witun aliona wajibu wake kusaidia. "Kwa kweli, mama, hizo ni hadithi tu za watoto..."

"Nyamaza, daktari. Umelitazama paja hilo dakika nzima ukakosa ubavu wa kuligusa."

Daktari akaigeukia feni.

Mama Khampan aliinua macho akaitazama picha. Aliitazama muda mrefu, na uso wake haukulainika hata kidogo. Alionekana kama mtu anayegombana na marehemu, na marehemu anaendelea kucheka tu na meno yake. Nje mtu alipita akiuza viazi vya kuchoma, akaita, akapotea. Kisha mama akainuka, akaichukua sahani ya Sanguk, akaigeuza kwenye mwanga kuikagua.

"Wewe Mkorea."

"Ndiyo, mama."

"Sahani yako ni tupu."

"Ndiyo, mama."

"Kwenu sahani ikiwa tupu inakuwaje?"

Sanguk alimeza mate, na mate yenyewe yalikuwa moto. "Hujazwa, mama."

"Basi kaa."

Alikwenda kwenye kinu, akawapa mgongo. Akachukua papai bichi akaanza kulikatakata kwa kisu kana kwamba lile papai ndilo lililoleta posa. Wanida alikuwa amefunika uso kwa mikono. Sanguk alirudi, akakaa kwenye kiti kilekile alichowahi kukaa yule wa Norway, akiwa ameloa, amevimba midomo, mbaya wa sura kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake, na Wanida alipotoa mikono usoni akamwona hivyo, hakutaka kutazama kitu kingine.

"Pilipili ngapi?" mama aliuliza bila kugeuka.

Sanguk alifungua mdomo. Malezi ya bibi yakaanza kumpanda tena kifuani. Chini ya meza Wanida akampiga teke, na safari hii alielewa.

"Mbili, mama."

"Mwanamume mzima," Mama Khampan aliliambia papai. "Mbili."

Akachambua pilipili mbili, akaziweka kiganjani, akazitazama. Akaongeza ya tatu, akaanza kutwanga.